Sekunde 28800 ni muda gani kwa mama?

Kompyuta inahesabu muda kwa sekunde. Kwake, 28800 ni jibu kamili. Kwa mama mwenye mtoto wa malaria, si kitu. Ninaandika programu ndogo ya kukumbusha watu dawa hapa Bukavu, na kazi iliyonikalisha zaidi ni kugeuza namba hiyo kuwa maneno.

Hesabu ni rahisi: unagawanya kwa 3600, unapata masaa, baki unagawanya kwa 60, unapata dakika. Lugha ndiyo ngumu. Kifaransa na Kiingereza vinaweka namba mbele, kisha "s" ya wingi. Sisi tunaanza na neno: dakika 5, siku 3. Dakika na siku hazibadiliki, lakini mwezi 1 unakuwa miezi 2.

Hatari iko kwenye saa. Kipimo cha pili cha Coartem kinafuata masaa 8 baada ya kile cha kwanza. Ukiandika "kunywa baada ya saa 8", mmoja atahesabu masaa manane, mwingine atangoja saa nane ya mchana ipite. Wenye sarufi wanasema wingi wa saa ni saa tu. Huku kwetu tunasema masaa, na hapa neno hilo linaokoa maana.

Basi programu yangu inaandika vyote viwili: "Yapite masaa 8, yaani saa kumi ya jioni." Ni maneno mengi, lakini hakuna wa kubahatisha.