Nilisomea Udaktari, Nikawa Mtu wa Faili

Mama mzazi hakuficha hasira zake nilipomweleza, mwaka wa 2009, kwamba naacha wadi ya watoto ili nisaidie kusimamia majaribio ya chanjo ya malaria huko Pwani.

"Niliuza ng'ombe usome udaktari, sasa wataka kuwa karani?"

Hakukosea sana. Kazi ile ni makaratasi. Kila mtoto alikuwa na faili yake, na kosa la kalamu hukatwa kwa mstari mmoja tu, ukatia sahihi na tarehe. Ole wako ufute kwa rangi nyeupe! Chanjo nayo sharti ikae kati ya nyuzi 2 na 8, hivyo stima ikipotea usiku niliamka kwa ajili ya friji, si kwa ajili ya mgonjwa. Mchana tulikaa mwembeni na wazazi, tukiwaeleza kwamba damu tutakayotoa ni kidogo tu, nasi si mumiani. Mzazi aliyekataa alikwenda zake na mwanawe, wala hakulaumiwa.

Lakini lililonikata maini ni jingine. Watoto wa miezi 5 hadi 17 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walidungwa chanjo ya malaria, iitwayo RTS,S, na wengine ya kichaa cha mbwa, ili tupate kulinganisha. Nani kapata ipi? Mzazi hakujua. Nami sikujua, maana daktari akijua, jicho lake huanza kupendelea.

Usiku mmoja mama mmoja alimleta mwanawe akiwa na degedege. Malaria. Tulihangaika naye mpaka alfajiri, joto likashuka. Ndipo mama yule akanikazia macho.

"Daktari, niambie kweli. Mwanangu alidungwa ile ya malaria au ile ya mbwa?"

Wadini nilizoea maswali magumu, ila jibu nilikuwa nalo, hata likiwa baya.

"Mama, sijui."

Alinitazama kama mtu anayemsikiliza mwizi akijitetea. Nikaenda kuandika ripoti, kwani ugonjwa mzito kama huo lazima uarifiwe bila kukawia, nikaona haya hata kushika kalamu.

Siku ya dozi iliyofuata, mama yule alikuja. Sikumwuliza kwa nini.

Majaribio hayo yalihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, yakamalizika mwaka wa 2014. Kwa watoto wa umri ule waliopata dozi nne, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 39 hivi katika muda wa miaka minne. Si muujiza, ndugu msomaji, na sitakuficha kwamba nilitarajia zaidi. Hata hivyo, mahali ambapo mtoto huugua malaria mara kwa mara, hizo ni safari nyingi za usiku ambazo mama hakuzifunga.

Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto katika maeneo yenye malaria nyingi. Mama alisikia redioni, akanipigia simu.

"Ndiyo hiyo ya makaratasi yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Vyema. Na wadini utarudi lini?"