Mkeka Ulioshonwa Kingo

Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Kulesa, kandokando ya Mto Tana, alirejea likizoni na kazi ya mhadhiri wake: kueleza kwa Kiswahili jinsi neli za salfaidi za metali, zenye kipenyo cha makumi tu ya nanomita, zinavyotengenezwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI isingemfikisha mbali. Ilitoka mwaka wa 1990, ilhali neli hizo zilitangazwa mwaka wa 1992 na Reshef Tenne na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli.

Salfaidi ya tangsteni imepangika kwa matabaka: safu ya atomi za tangsteni katikati, za salfa juu na chini. Tabaka moja huteleza juu ya jingine kwa wepesi; ndiyo sababu jamaa yake, salfaidi ya molibdenamu, hutiwa katika grisi nyeusi waijuayo mafundi wa magari. Walakini atomi za ukingoni hukosa wenzi. Tabaka likiwa dogo mno, atomi hizo huwa nyingi kwa uwiano, hata ikawa nafuu lijipinde, kingo zikutane.

Akimweleza nyanya yake, aliyekuwa akisuka ukili, alitumia mfano wa mkeka uliokunjwa.

"Mkeka uliokunjwa hukunjuka," nyanya akasema. "Kingo hizo zimeshonwa, au zimelaliana tu?"

"Zimeshonwa, nyanya. Hata mshono hauonekani."

"Basi huo si mkeka, mjukuu wangu. Hilo ni fumba."

Fumba, mkeka ulioshonwa ukawa mfuko wa kulalia! Kweli, istilahi haiundwi kwa mfano mmoja, na "neli" itabaki. Lakini sentensi iliyosema "hukunjwa" ilipotosha, nayo ikafutwa.

Utengenezaji wenyewe ulikuwa mgumu zaidi. Vijiti vyembamba mno vya oksidi ya tangsteni hupashwa joto, kati ya nyuzi 800 na 900 za Selsiasi, katika haidrojeni na salfaidi ya haidrojeni, gesi ya sumu inukayo kama mayai viza. Ganda la nje hugeuka salfaidi kwanza; kisha oksidi iliyo ndani huliwa polepole, tabaka hata tabaka, mpaka katikati pabaki wazi. Hapa fumba likashindwa: nani ashonaye mfuko kuanzia nje, juu ya kitu kinachotoweka?

Nyanya aliweka ukili chini.

"Na mchwa, je? Hufunika kijiti kwa udongo kwanza, ndipo wakala cha ndani."