Sauti ya Nani? Filamu za Kiswahili za Mwaka 2021 Zikitazamwa kutoka Muhoroni

Muhoroni ni mji uliokulia katika miwa. Umekaa kwenye uwanda wa Nyando, mashariki ya Kisumu, mahali ambapo Wajaluo na Wanandi ni majirani na ambapo kiwanda cha sukari kimewavuta watu wa makabila mengine kuja kutafuta kazi. Kiswahili hapa si lugha ya mama ya wengi, lakini ndicho kinachowakutanisha sokoni, kituoni na katika kibanda cha video. Kwa sababu hiyo, suala la filamu za Kiswahili haliwezi kuachiwa pwani peke yake. Hapana budi kuuliza: mtazamaji wa mji wa namna hii ana fungu gani katika filamu zilizotolewa mwaka 2021?

Kwa kawaida mwaka wa sinema hupimwa kwa idadi ya filamu. Kipimo hicho kina manufaa yake, lakini kinaficha jambo la msingi zaidi, nalo ni mwenye sauti. Mwaka 1935 unatoa mfano mzuri. Katika jimbo la Assam, India, Jyotiprasad Agarwala alitoa Joymoti, filamu ya kwanza katika lugha ya Kiassam, baada ya kujenga studio kwenye shamba la chai la Bholaguri. Binti wa kifalme aliyemo humo aliwazungumza watu wa Assam kwa lugha yao. Mwaka huo huo, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Notcutt na Latham walianzisha mradi wa kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo. Hadi mradi ulipokoma mwaka 1937, filamu zipatazo 35 zilikuwa zimetengenezwa na kutembezwa kwa lori Afrika Mashariki. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kiswahili na Kijaluo. Waafrika walionekana katika picha, lakini sauti iliwekwa juu yao na mtu mwingine. Lugha ilikuwapo, mwenye lugha hakuwapo.

Ukiangaliwa juujuu, mtindo wa kibanda cha video unafanana na huo. Filamu ya Kimarekani, ya Kihindi au ya Kichina huchezwa huku sauti ya msimulizi ikipita juu ya maneno ya wahusika. Nchini Kenya, DJ Afro ndiye aliyejipatia sifa kubwa katika kazi hii. Hata hivyo, kufanana huko kunakomea kwenye mashine. Msimulizi wa kibandani ni fanani kwa maana kamili ya fasihi simulizi: anafupisha, anaongeza utani, anamdhihaki jambazi, na anajua hadhira yake itacheka wapi. Msimulizi wa santuri alifundisha. Huyu anashindana na picha na mara nyingine anaishinda. Mhakiki anayemdharau kwa madai kwamba anaharibu filamu anasahau kwamba hadhira iliyoizoea sauti hiyo imekwisha kupata mafunzo ya kusikiliza, kulinganisha na kuhukumu.

Pamoja na hayo, fanani huyu ana mpaka. Anaweza kusema yote juu ya mhusika, lakini mhusika hawezi kumjibu. Hapa ndipo umuhimu wa mwaka 2021 unapoonekana. Mwaka huo Amil Shivji alionyesha Vuta N'kuvute katika tamasha la Toronto, ikiwa filamu ya kwanza ya Tanzania kuteuliwa huko. Chimbuko lake ni riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa mzee, anaikimbia ndoa hiyo na kujikuta katika Zanzibar ya harakati za kudai uhuru. Mwaka huo huo Seko Shamte alitoa Binti, kisa cha wanawake wanne wa Dar es Salaam. Naye Robby Bresson alitoa Bangarang, ambayo mandhari yake ni Kisumu: mhitimu wa uhandisi asiye na kazi anaendesha bodaboda na kuingia katika ghasia za uchaguzi.

Kwa mtazamaji wa Muhoroni, filamu hizi hazimfikii kwa namna moja. Kisumu ya Bangarang anaijua. Ni mji anaokwenda asubuhi na kurudi jioni. Zanzibar ya Yasmin iko mbali naye, na lafudhi yake huenda ikamtaka asikilize mara mbili. Lakini Yasmin ana jambo la kumwambia. Kiswahili chake hakitokani na kabila lake. Ni lugha aliyoishi ndani yake hadi akaitumia kukataa alichoamriwa. Wakazi wengi wa ukanda wa miwa nao wameipata lugha hii kwa kuishi pamoja na wasiokuwa wa kwao. Filamu inayompa mtu wa aina hiyo nafasi ya kujisemea inahalalisha Kiswahili cha Muhoroni kuliko hotuba yoyote ya siku ya lugha.

Tatizo ni kwamba filamu iliyoanzia Toronto haina njia ya hakika ya kufika Nyando, ilhali filamu ya kigeni yenye sauti ya DJ hufika bila kualikwa. Idara za Kiswahili zina sehemu yake katika hali hii. Zimeifundisha riwaya na kuiacha filamu; zimemchambua fanani wa kijijini na kumwacha wa kibandani. Kazi inayosubiri kufanywa si ngumu kuieleza: kuipeleka Vuta N'kuvute katika kibanda kimoja cha mji wa miwa, kuionyesha bila msimulizi, na kuandika kwa makini yale ambayo hadhira inasema Yasmin anapoanza kuzungumza.