Vilima vya Ngong na Usaili wa Mhandisi wa Upepo

Kusini-magharibi ya Nairobi, mwendo wa kilomita 20 na ushei, vimesimama vilima vya Ngong. Upande wa mashariki huonekana jiji na mapaa yake. Upande wa magharibi ardhi huporomoka hadi Bonde la Ufa. Juu ya mgongo huo upepo huvua watu kofia na kulaza majani upande mmoja. Hapo ndipo Kenya ilipopata mitambo miwili ya kufua umeme kwa upepo mwaka 1993, kwa msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 ikaongezwa mingine, na baadaye mingine tena, hata uwezo wake ukafikia megawati 25.5. Chini ya mapangaboi hayo mifugo ya Wamaasai hula majani bila kujali.

Kwetu Uganda umeme mwingi hutoka katika maji ya Mto Nile. Kwa hiyo mhandisi wetu atakaye cheo cha juu katika kazi ya upepo aghalabu hana budi kuvuka mpaka. Ndivyo alivyofanya mpwa wangu, kijana aliyelelewa katika kambi ya polisi na kufanya kazi miaka 12 kwenye mitambo ya maji. Aliitwa Nairobi kusailiwa kwa cheo cha mhandisi mwandamizi. Ana mke na watoto watatu, na cheo hicho kingemweka mbali nao sehemu kubwa ya mwaka. Siku moja kabla ya usaili aliomba tupande Ngong.

"Mjomba," aliniambia, "wale watu wanaujua upepo. Mimi nisiende mbele yao na vitabu peke yake."

Safari hiyo ilimfaa. Swali la kwanza la jopo lilikuwa hili: mtambo wa namna moja ukiwekwa Ngong na mwingine pwani, upepo ukiwa wa kasi ile ile, ni upi utakaotoa umeme zaidi? Jibu tulikuwa tumelipata kwa mapafu yetu wenyewe, kwani tulipopanda tulitweta. Katika kimo cha mita 2,400 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ile ya usawa wa bahari, nayo husukuma pangaboi kwa nguvu ndogo. Basi mtambo wa pwani utashinda.

Pili, aliulizwa: kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu yake huongezeka mara ngapi? Ni mara 8, wala si mara 2. Kwa sababu hiyo kosa dogo katika kupima kasi huleta hasara kubwa.

Kisha jopo likamwuliza funzo la Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana. Huko ilijengwa mitambo 365, yenye uwezo wa megawati 310. Kwanza ilibidi kutengeneza barabara ya zaidi ya kilomita 200. Mitambo ilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya nyaya ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwa tayari mpaka mwaka 2018. Tena, mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Mpwa wangu alijibu kwamba mhandisi mwandamizi hahesabu mitambo tu. Huhesabu pia barabara, nyaya na majirani.

Swali la mwisho ndilo lililokuwa zito. Ni jioni, mtambo mmoja umesimama, upepo unavuma mita 20 kwa sekunde na unazidi. Mafundi wawili wamekwisha funga mikanda ya usalama. Mkurugenzi anapiga simu akitaka umeme. Utaamuru nini?

"Hawatapanda," alijibu. "Umeme wa usiku mmoja utapotea, na hasara hiyo nitaiandika kwa jina langu."

"Na mafundi wenyewe wakisema wanaweza?"

"Ushujaa wao ni wao, bwana. Amri ni yangu."

Ndugu zetu askari wanalifahamu jambo hili. Ofisa hapimwi kwa kuwa tayari kupeleka watu mbele tu, bali pia kwa kujua saa ya kuwazuia, hata kama wakubwa wanahimiza. Cheti huonyesha kwamba mtu amesoma. Swali kama hilo huonyesha kama familia za wengine zinaweza kumwamini.

Kazi aliipata. Mkewe aliposoma barua, hakuuliza mshahara kwanza. Aliuliza, "Na wewe utapanda huko juu?"

"Nitapanda," alijibu, "siku ambayo ningeweza kumruhusu mtu mwingine kupanda."

Mke akaikunja barua na kuanza kumpangia nguo za safari.