Nguo Niliyonunua Bila Kupima

Sisi tuliozaliwa Fizi karibu na mwaka wa 1980 tunakumbuka namna tulivyopokelewa shuleni. Wengi hatukuwa na karatasi ya kuzaliwa. Direkta alikuwa anatupanga mstari, anamwambia kila mtoto apitishe mkono wa kuume juu ya kichwa mpaka ashike sikio la kushoto. Ukilifikia sikio, unaingia mwaka wa kwanza. Mkono ukikosa, unarudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Mimi nilikosa mara ya kwanza, nikalia njia nzima.

Leo mtoto anaingia shule ya msingi akiwa na miaka 6, na kipimo cha sikio kimebaki hadithi. Lakini nimejifunza, tena kwa aibu yangu mwenyewe, kwamba kuna vipimo vingine ambavyo direkta hawezi kupima. Ni mzazi peke yake. Habari hii si ya kunisifu, lakini naiandika kwa sababu najua wababa wengi wa machimbo watajiona ndani yake.

Mwaka wa 2019 kanisa lilinituma kuhudumia waamini kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi. Kutoka Baraka unapanda Fizi, unafuata barabara ya Lulimba, ndipo unafika Misisi. Wakati wa mvua matope yanaweza kukulaza njiani. Kwa hiyo niliondoka mwezi wa pili, nikakaa kule mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Sadaka ya wachimbaji ilikuwa nzuri kuliko ile niliyozoea, sitaficha. Kila mwezi nilituma pesa nyumbani. Nikipiga simu nilikuwa nauliza neno moja tu: “Mama watoto, pesa imefika?” Akisema imefika, nakata, maana inite zilikuwa chache. Moyoni nilijiona baba mwema.

Mwaka ule serikali ilitangaza kwamba tangu Septemba masomo ya msingi katika shule za serikali yatakuwa bure. Katiba ya 2006 ilikuwa imeandika jambo hilo katika kifungu cha 43, lakini wazazi walikuwa wangali wanalipa. Basi furaha ilikuwa kubwa. Mtoto wetu wa pili alikuwa amefikisha miaka 6. Nikaenda sokoni kule Misisi, nikanunua shati nyeupe, kaputula ya buluu, viatu, mfuko wa mgongoni na kaye nane. Nikafunga vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, nikapanda pikipiki.

Nilifika Baraka Jumamosi jioni, siku mbili kabla ya masomo kuanza. Mtoto aliponiona alijificha nyuma ya mama yake. Nikasema ni haya tu. Nikatoa nguo mbele ya jamaa yote. Shati ilikataa kufunga vifungo. Kaputula ilikwama kwenye mapaja. Viatu hata sisemi. Mke wangu akaangalia ile kaputula, akaniangalia na mimi, akauliza kwa sauti ya chini: “Baba watoto, hii ulipima mtoto wa nani?”

Nilikosa jibu. Mimi nilikuwa nimenunua nguo za mtoto niliyemwacha mwezi wa pili. Yeye hakuningoja. Alikuwa ameendelea kukua.

Mama alikuwa amejua mume wake. Alikuwa ameshonesha nyingine kwa fundi wa mtaani, kwa pesa yake ya kuuza ndagala. Basi Jumatatu mtoto alikwenda shule na nguo safi, na mimi nikafikiri mambo yamekwisha. Kumbe yalikuwa yanaanza.

Kalasi ilikuwa imejaa, maana wazazi wengi walileta watoto kwa sababu ya shule ya bure. Mwalimu alimuuliza: “Jina yako nani?” Akajibu: “Babu.” Anaitwa jina la marehemu baba yangu, na kwa heshima sisi sote nyumbani tunamwita Babu. Jina lake la kweli alikuwa hajalizoea. Watoto wote wakacheka. Siku ya tatu alihitaji kwenda choo. Hakujua choo kiko wapi, wala namna ya kuomba ruhusa. Akanyamaza, akajikojolea palepale kwenye benchi. Wakacheka tena, kuliko mara ya kwanza.

Kesho yake akakataa kwenda. Mimi, mchungaji, mwenye kufundisha jamaa za wengine, nikashika fimbo nikamchapa. Akaenda akilia. Siku iliyofuata alijificha katika mihogo ya jirani, tukamtafuta mpaka mchana. Jioni mke wangu aliniambia: “Baba watoto, mtoto hakukataa masomo. Anaogopa. Na wewe unamuongezea woga. Hata wewe mwenyewe bado anakuogopa, hujakaa naye hata siku moja.”

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka habari ya Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli, ambayo nilihubiri mara nyingi. Hana alimwacha mtoto wake Shilo, akamwona mara moja tu kwa mwaka. Alikuwa mbali na mtoto wake kuliko mimi. Lakini kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea. Katika shule ya Biblia tulifundishwa juu ya maombi ya Hana, na mimi nilihubiri maombi hayo. Ile kanzu nilikuwa naipita tu. Lakini mtu hawezi kushona kanzu mpya kila mwaka kama hafikiri juu ya urefu wa mtoto wake.

Basi nikafanya jambo dogo. Jumamosi, shule ikiwa tupu, nilimshika mkono tukaenda wawili. Nilimwonyesha mlango wa kalasi yake. Tulikwenda mpaka kwenye choo, akafungua mlango mwenyewe, akafunga. Tukafanya mchezo: mimi mtoto, yeye mwalimu. Nilinyoosha kidole nikasema, “Mwalimu, naomba kutoka.” Alicheka, mara ya kwanza tangu nirudi. Kisha tukabadilishana. Kurudi nyumbani alisema jina lake lote, la kwake, la kwangu na la mtaa, mara kumi. Jumatatu nilimsindikiza mpaka mlangoni, na mwalimu, ambaye ni mtu mwema, akakubali kumkalisha mbele. Haikuisha siku moja. Lakini mwezi ule haukuisha kabla hajazoea.

Mdogo wake wa kike alipokaribia kuingia shule mwaka wa 2023, hatukungoja Septemba. Tulianza mwezi wa sita, na hakuna kitu tulicholipia. Naandika tuliyofanya, kila mzazi achague lake.

Kwanza, tulimfundisha jina lake, majina ya wazazi na mtaa wetu, ili hata akipotea njia aweze kusema.

Pili, mambo ya mwili: kuvua na kuvaa mwenyewe, kufunga vifungo, kwenda choo peke yake, kunawa mikono. Mama ambaye anamfanyia mtoto kila kitu kwa haraka anafikiri anamsaidia. Lakini mwalimu mwenye kalasi iliyojaa hawezi kufunga vifungo vya wote.

Tatu, kuhesabu. Alihesabu ndagala mama alipozipanga mafungu, akahesabu vikombe vya maharagi. Sisi nyumbani tunasema Kibembe, lakini mwalimu anaanza na Kiswahili, na Kifaransa kinakuja nyuma. Kwa hiyo tulihesabu kwa Kibembe, kisha kwa Kiswahili. Mtoto hachoki na lugha mbili kama ni mchezo.

Nne, kumtuma. Tulimtuma kwa jirani na ujumbe mfupi: “Mama anauliza kama ungo wetu uko kwako.” Anapaswa kushika neno, kulisema mbele ya mtu mkubwa, na kurudi na jibu. Hiyo ndiyo kazi ya kalasi.

Tano, usingizi. Tulianza kumlaza mapema wiki nyingi kabla ya masomo, na kumpa uji asubuhi. Mtoto mwenye njaa na usingizi hasikii mwalimu.

Tena, Jumapili baada ya ibada tulishuka sisi sote mpaka kando ya ziwa, pale unapoona Ubwari ng’ambo. Mchanga wa Tanganyika ni ubao usiolipiwa. Wakubwa waliandika herufi kwa kijiti, mdogo akazifuata kwa kidole, wimbi likafuta, wakaanza tena. Mimi nilikaa chini pamoja nao na suruali yangu ya ibada. Watu waliopita walicheka, lakini sasa kuna jamaa zingine zinazoshuka pale.

Neno moja kwa ninyi wa machimbo. Msichome dhahabu yenye zebaki ndani ya nyumba wala kwenye sufuria ya chakula. Moshi ule unaharibu ubongo wa mtoto mdogo na wa yule aliye tumboni, na hakuna mwalimu anayeweza kuurudisha. Tena msimpeleke mtoto kutwanga mawe au kubeba mchanga kwa sababu tu ni likizo. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kazi za namna hiyo. Mtoto akishaonja pesa ya mgodi, ni vigumu kumrudisha kwenye benchi.

Najua mtaniuliza: “Pasta, mimi niko shimoni miezi sita, nitakaaje na mtoto?” Sikuambii uache kazi. Mimi mwenyewe nilirudi Misisi. Lakini safari ile niliomba kamba kwa fundi wa kushona. Nilimsimamisha kila mtoto, nikafunga fundo moja kwa mabega, moja kwa mguu, nikatia kamba mfukoni. Sasa kila nikirudi nyumbani, kitu cha kwanza ni kupima upya. Watoto wanakimbia kunilaki, wanagombania nani atapimwa wa kwanza, na wakati wa kupima wananiambia mambo yote niliyokosa. Na simu nayo imebadilika. Nikishauliza pesa kama imefika, nasema: “Nipe mtoto.” Namwomba anihesabie, au anieleze alichofanya leo. Inite zinaisha, lakini haziishi bure.

Ile kaputula ya 2019 tulimpa mtoto wa jirani, ilimfaa vizuri. Kamba iko mfukoni mwangu ninapoandika. Ndugu yangu uliye mbali na nyumbani, kabla ya kwenda sokoni Septemba ijayo, jiulize: mtoto wako sasa ana urefu gani? Kama hujui, piga simu leo.