Tangazo la Kiitaliano Msikitini



Aghalabu nimekuwa nikiwaletea habari za wazee wetu waliovuka bahari kwa majahazi. Leo naomba radhi niwaletee habari ya mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na saba, mzaliwa wa Columbus, Ohio, na mtihani wake wa Kiitaliano. Ndani ya habari hii mna aibu yangu mwenyewe, nami nimeona afadhali niieleze kwa mkono wangu kuliko isimuliwe na wengine nikiwa sipo.

Mjukuu wangu alisoma Kiitaliano katika shule yake ya sekondari kwa miaka mitatu. Wenzake wengi walichagua Kihispania. Yeye, nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba aliipenda sauti ya lugha ile. Ulipowadia mwaka wa nne, ambao ndio mwaka wa mtihani mkubwa, darasa likafutwa kwa uchache wa wanafunzi, na mwalimu akahamia kwingine. Mtoto akabaki na vitabu vyake.

Mtihani wenyewe ni ule uitwao AP, unaotahiniwa mwezi Mei katika Marekani nzima. Alama zake ni kuanzia 1 hadi 5, na katika jimbo letu la Ohio vyuo vikuu vya umma humhesabia masomo ya chuo mwanafunzi aliyepata 3 na zaidi. Kwa mtoto ambaye baba yake ni dereva wa lori, hilo si jambo dogo, kwani kila somo lililohesabiwa ni ada isiyolipwa. Sheria inamruhusu mwanafunzi kuufanya mtihani hata kama hakuhudhuria darasa lake, ila ni lazima ajiandikishe mapema, msimu wa majani kupukutika, miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Tukamwandikisha, tukalipa, kisha tukaanza kutafuta mwalimu.

Nikajitwika kazi hiyo mimi, kwa kuwa katika nyumba ile ndimi niliye na wasaa. Nilikuwa karani maisha yangu yote. Kutafuta, kuandika barua na kungoja majibu ndiyo kazi niijuayo. Mwalimu wa kwanza tulimpata kwa intaneti, dola 60 kwa saa. Baada ya masomo manne mjukuu wangu alikuwa amejifunza kuagiza kahawa kwa namna tatu. Wa pili alikuwa kijana wa chuo kikuu, Muitaliano wa kuzaliwa, aliyezungumza kama maji yatiririkayo, lakini hakuujua mtihani wala hakuweza kueleza kanuni za lugha aliyoinyonya kwa mama yake. Naye nikamshukuru, nikamlipa, tukaagana.

Walimu wa mtihani huu ni haba, na ukiijua historia yake hutashangaa. Ulianza mwaka 2006, ukasimamishwa baada ya mwaka 2009 kwa uchache wa watahiniwa, ukarejeshwa mwaka 2012. Tena wakati ule ulikuwa na masharti yake. Mtahiniwa alisoma na kusikiliza, kisha alijibu barua-pepe kwa adabu za rasmi, aliandika insha ya hoja akitumia maandishi mawili na sauti moja aliyosikilizishwa, na alizungumza na sauti ya mashine iliyomuuliza mara tano, kila jibu sekunde 20. Mwisho alipewa dakika 4 za kujitayarisha na dakika 2 za kusema, alinganishe jambo moja la jamii ya Waitaliano na jambo kama hilo katika jamii yake mwenyewe. Hili la mwisho liwekeni akilini, nitalirudia.

Ilipofika Januari nilikuwa nimekata tamaa. Hapo ndipo ukanijia ujanja wa kikarani. Nilimwambia mjukuu wangu, "Andika tangazo, uliandike kwa Kiitaliano kitupu. Asiyekijua hatajisumbua kutupigia simu." Akaandika. Nikalibandika maktabani, nikalibandika dukani, na kwa kuwa nilibakiwa na nakala moja, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo msikitini, pasi na tumaini lolote.

Ijumaa iliyofuata nilikuta nakala ile ya msikitini imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mjukuu wangu alikuwa ameandika kwamba anatafuta mwalimu, "che mi aiuta". Herufi ya mwisho ilikuwa imekatwa, juu yake pameandikwa "i", ili neno lisomeke "aiuti". Chini yake palikuwa na namba ya simu, hapana jina.

Nikapiga. Sauti iliyoitikia niliijua kabla haijamaliza salamu. Alikuwa mama wa Kibarawa auzaye sambusa mlangoni pa msikiti kila Ijumaa. Miaka kumi na moja nilikuwa nikinunua sambusa zake.

Wasomaji ambao wazee wao walitoka Barawa hawatastaajabu kama nilivyostaajabu mimi. Pwani ile ilitawaliwa na Waitaliano hadi mwaka 1941, Waingereza wakaishika kwa miaka michache, kisha kuanzia mwaka 1950 hadi uhuru wa mwaka 1960 Italia ikapewa tena Somalia iwe chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Hata baada ya uhuru Kiitaliano kiliendelea kuwa lugha ya ofisi na shule mpaka Kisomali kilipopewa mwandiko rasmi mwaka 1972, na katika Chuo Kikuu cha Taifa huko Mogadishu masomo mengi yaliendelea kufundishwa kwa Kiitaliano muda mrefu baada ya hapo. Mama huyu alisomea kilimo katika chuo hicho. Nyumbani kwao walisema Chimwini, ndugu wa Kiswahili chetu. Kurani akaisoma kwa Kiarabu, shule kwa Kiitaliano, na sokoni akatumia Kisomali. Vita vilipozuka mwaka 1991 alikimbilia Mombasa kwa mashua, na vyeti vyake vikabaki katika nyumba ambayo leo haipo. Sisi watu wa Mombasa tuliwapokea watu wa Barawa, tukawaita wakimbizi, na wengi wetu hatukuwauliza zaidi ya hapo.

Masomo yakaanza Jumamosi, jikoni kwake. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba mimi niwepo. Nikawa nakaa pembeni na kikombe changu cha chai.

Siku ya kwanza alitueleza kosa la tangazo. Kwangu alilieleza kwa Kiswahili: "Bwana Karani, mtu unayemtafuta hujampata bado, wala hujui kama yupo. Kwa hiyo kitenzi hubadilika. Hata sisi hatusemi natafuta mwalimu ananisaidia; twasema natafuta mwalimu anisaidie. Kwetu a hugeuka e, kwao a hugeuka i." Nimeandika Kiswahili tangu utoto wangu na sikupata kulifikiria jambo hilo hata siku moja.

Nami nilikuwa na changu cha kuokota. Walipofika kwenye maneno ya biashara nilisikia "dogana", forodha, "magazzino", ghala, "tariffa", orodha ya ushuru. Nikawaambia wote wawili kwamba maneno hayo ni ya Kiarabu: diwani, makhazini, taarifa. Yalivuka bahari nyingine yakafika kwao, kama yalivyovuka bahari yetu yakafika kwetu. Mjukuu wangu aliniangalia kama aliyeniona kwa mara ya kwanza. Aliandika maneno yale matatu daftarini, na pembeni akaandika "Babu".

Sasa nieleze jambo lililoniuma. Kiingereza cha mwalimu ni cha dukani, na Kiswahili cha mjukuu wangu ni cha salamu. Lugha pekee waliyoweza kuzungumza kwa kina ilikuwa Kiitaliano. Mtoto wa ukoo wetu na mama wa pwani yetu walikutana kwa lugha ya watu wa mbali, nami mwenye damu yake nilikuwa nahitaji mkalimani. Ulipofika wakati wa kuzoea ule ulinganisho wa dakika 2, mtoto alisema maneno machache akanyamaza. Nikauliza amesema nini. Mwalimu alisita, kisha akaniambia: "Anasema Waitaliano anaweza kuwaeleza. Upande wa jamii yake hana cha kusema."

Usiku ule sikulala vyema. Nilikuwa nimeandika habari za ukoo wetu kwa ajili yenu nyote, wasomaji wa Muscat, London na Toronto, na aliye chini ya dari yangu sikuwa nimemsimulia. Nilidhani hataki kusikia. Kumuuliza sikumuuliza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na tenzi za marehemu mama yangu, zilizonakiliwa kwa hati za Kiarabu. Mwalimu alikuwa akimfundisha habari za Dante, aliyefukuzwa Firenze mwaka 1302 na kufia ugenini, Ravenna, mwaka 1321, na aliyeamua kutunga kitabu chake kikubwa kwa lugha ya watu wake badala ya Kilatini. Beti za Dante zina mishororo mitatu, na kina cha mshororo wa kati huchukuliwa na ubeti unaofuata, hivyo kila ubeti umeshika mkono wa mwenziwe. Nikamweleza mjukuu wangu utenzi wetu: mishororo minne, mizani nane kila mmoja, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina chake kinachorudi mwisho wa kila ubeti tangu mwanzo hadi tamati. Nilisema kwa Kiswahili, mwalimu akatia Kiitaliano, mtoto akahesabu mizani kwa vidole. Mara akasema jambo, na mwalimu akacheka. "Anasema wa Dante ni watu waliopanga mstari wameshikana mikono, wa kwetu ni watoto wengi wa baba mmoja." Sikio langu lilishika neno "kwetu", nikamuuliza mwalimu kama hakuliongeza yeye. Akasema hakuliongeza.

Mwezi Aprili nilimwuliza mwalimu nimlipe kiasi gani, maana kila mara alikuwa akilikwepa swali hilo. Akaniuliza kama naikumbuka fomu. Sikuikumbuka. Akanikumbusha kwamba miaka tisa nyuma nilikuwa nikiwajazia wazee fomu za kuombea kazi, kwa kujitolea, na yeye alikuwa mmoja wao. "Palikuwa na mahali pa elimu. Hukuniuliza, Bwana Karani. Uliandika hakuna. Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno hilo nilikuwa nalijua. Ulikuwa na haraka, na nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, nikanyamaza."

Sikuwa na la kujitetea. Nilimwomba msamaha, akanisamehe kwa neno moja na kuniongezea chai. Kisha akataja malipo yake. Marehemu mama yake alimwachia daftari la kasida za Chimwini kwa hati za Kiarabu. Macho yake yamedhoofu, na wajukuu zake hawajui ila hati za Kizungu. Alitaka nimnakilie daftari lote, kwa mwandiko unaosomeka.

Mtihani ulifanywa mwezi Mei, na mwezi Julai majibu yakaja: alama 4. Baba yake alisimamisha lori kando ya njia ndipo akasoma ujumbe. Mjukuu wangu amekwisha anza chuo, lakini Jumamosi anazokuwa nyumbani bado twaenda pamoja jikoni kule, na sasa wanazungumza Kiitaliano kidogo na Chimwini kidogo, na mimi hukosolewa na wote wawili.

Daftari nimelimaliza wiki iliyopita, kurasa 112. Katika ukurasa wa mwanzo nimeandika jina la mama mtunzi, na chini yake jina la binti yake mwenye daftari. Baada ya jina nimeandika: Elimu, shahada ya kilimo, Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia. Kabla ya kuandika, nilimwuliza.