Kufuli la Msalani: Safari ya Misigiri hadi Paje



Ndugu msomaji, anayepita Misigiri kwa gari huiona kwa dakika chache tu. Ni mji mdogo wa wilaya ya Iramba, mkoani Singida, pale ambapo njia ya Kiomboi inachepuka kutoka barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Malori yaendayo Mwanza, Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana kabla ya kuteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui na Igunga. Kandokando ya barabara hupangwa mafuta ya alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji. Abiria huteremka, hununua, hunyoosha miguu, kisha huuliza swali ambalo kila mwenyeji amelizoea: "Samahani, msalani ni wapi?"

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kidole kilichoelekezwa msikitini. Kisha siku moja jibu hilo likakoma, na aliyelikomesha ni mimi pamoja na wenzangu.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Muhtasari wa kikao kilichoamua kufunga vyoo vyetu kwa kufuli niliuandika kwa mkono wangu, na sababu zake zilikuwa za kweli. Nchi yetu ni kame. Tangi lililojazwa asubuhi mara nyingi lilikauka kabla ya Alasiri, na watu wa swala wakakosa maji ya udhu. Baadhi ya wapita njia waliacha uchafu ambao mzee anayehudumia msikiti aliuosha peke yake, bila kulalamika. Tena shekhe mmoja katika kamati, mtu ninayemheshimu kwa elimu yake, alileta hoja ya fiqhi: maji yale yametolewa wakfu kwa ajili ya udhu, na sharti la mweka wakfu halivunjwi kwa huruma za watu. Hakuna aliyempinga. Tukanunua kufuli, vyoo vikawa vinafunguliwa nyakati za swala tu, na ufunguo ukakaa mfukoni mwangu.

Mwezi wa saba uliofuata tulialikwa harusi ya ndugu yetu huko Jambiani, kusini mwa Unguja. Tulisafiri watatu: mama yangu, mke wangu na mimi. Mama ana zaidi ya miaka sabini, anaugua kisukari na magoti yake hayakunjiki vizuri. Alikuwa hajaiona bahari maishani mwake.

Tuliondoka Misigiri alfajiri. Tulipofika Manyoni nikagundua kwamba chupa ya maji niliyompa mama ilikuwa bado imejaa. Nikamsihi anywe. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, maji ni rahisi kuyaingiza. Kuyatoa nitayatolea wapi?" Safari hiyo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700, naye alikuwa amekusudia kuimaliza kwa kiu. Nilipomtazama mke wangu, akainamisha macho. Yeye pia alikuwa hajanywa. Kumbe wanawake wetu wengi husafiri hivyo, nasi wanaume tukiwa kwenye kiti cha jirani hatujui. Mganga yeyote atakuambia kwamba kujinyima maji na kuzuia mkojo kwa saa nyingi hukaribisha maradhi ya njia ya mkojo, na kwa mwenye kisukari hatari huzidi.

Mbele kidogo basi likasimama porini, na utingo akatangaza kwa sauti ya mazoea: "Kuchimba dawa, dakika tano!" Lugha yetu ina heshima kubwa katika jambo hili. Tunasema kujisaidia, kwenda haja, kwenda uani, maliwatoni, msalani. Neno msala lenyewe lina maana mbili, choo na mkeka wa kuswalia, kana kwamba wazee waliolitumia walijua kuwa vitu hivyo viwili haviachani. Lakini kuchimba dawa ni heshima ya neno tu. Wanaume walitawanyika upande mmoja. Wanawake walikwenda upande wa pili, wakashika khanga kwa zamu kuzungushiana sitara, huku malori yakipita na kupiga honi. Mama hakushuka. Magoti yake yasingemruhusu kuchutama, na haya yake isingemruhusu hata kujaribu.

Katika stendi moja kubwa tuliyoifikia mchana, mtu wa mlangoni alidai shilingi 300. Mama akafungua pindo la khanga, akahesabu sarafu zake, akaingia, akatoka upesi. Ndani hakukuwa na tone la maji. Muislamu anajua maana ya hilo. Mtu ametoka hajatwaharika, Adhuhuri imeingia, na nguo yake haina yakini. Nilimnunulia chupa ya maji ya kunywa ili akastanji. Alilipa mara mbili kwa haja moja.

Harusi ilikwenda salama, alhamdulillah. Siku iliyofuata tukampeleka mama Paje, jirani ya Jambiani, akaione bahari vizuri. Paje ni kijiji cha uvuvi na kilimo cha mwani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa pwani hiyo wamekuwa wakifunga mwani kwenye kamba zilizowambwa baina ya vijiti na kuuvuna maji yanapokupwa. Siku hizi kijiji kimejaa pia wageni kutoka Ulaya na kwingineko, wanaosimama juu ya mbao na kuvutwa na tiara kubwa juu ya mawimbi. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Mama alikaa mchangani akawatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hawa wanaopigwa na upepo hivi, wamepoteza nini huko?" Tulicheka sana.

Baadaye akanyamaza, akaanza kuzungukazunguka. Nikajua.

Hoteli ya kwanza mlinzi alitujibu kwa adabu kwamba choo ni cha wageni waliolala pale. Ya pili ilikuwa mgahawa, na mhudumu alisema tukinunua kinywaji tutaruhusiwa. Mama akanivuta kando. "Ninunue maji ili niruhusiwe kuyatoa?" Tukaelekea msikitini. Upande wa wanaume ulikuwa wazi, una maji na ni safi. Upande wa wanawake ulikuwa umefungwa, na mwenye ufunguo hakuwepo.

Nilisimama mbele ya kufuli lile nikaliangalia. Lilikuwa dogo, la rangi ya shaba, halina tofauti na letu la Misigiri. Sikuweza kumlaumu mtu. Bila shaka huko nako kilikaa kikao, kukawa na sababu za kweli, na katibu akaandika.

Bibi mmoja alikuwa akipita na gunia la mwani mbichi kichwani, nguo zake zikichuruzika maji ya chumvi. Alimtazama mama, hakuuliza lolote, akasema, "Njoo nyumbani, dada." Akatupeleka kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe, akapiga kelele watoto watoke uani, akajaza ndoo. Choo chake kilikuwa cha kuchutama, lakini darini palining'inizwa kamba nene ya usumba, kamba ya makumbi ya nazi, ya kujishikilia wakati wa kukaa na kuinuka. Alisema aliifunga mwenyewe miguu ilipoanza kumsaliti. Mama alikaa ndani kwa utulivu ambao hakuupata tangu tuondoke nyumbani. Alipotoka akaomba maji ya kunywa, akanywa vikombe viwili.

Nilipotoa fedha, bibi yule alikasirika. "Fedha za choo? Astaghfirullahi." Kisha akamgeukia mama, akamuuliza tumetoka wapi, na mgeni akishikwa na haja huko kwetu huenda wapi. Mama akanitupia jicho, akatabasamu. "Kwetu huchimba dawa," akasema. "Msikiti upo, lakini ufunguo uko mfukoni mwa huyu."

Ndugu msomaji, mfukoni ulikuwemo kweli. Nilikuwa nimeusahau pale tangu siku ya kuondoka.

Ustaarabu ule wa bibi si wa jana wala juzi. Katika magofu ya Gede, karibu na Watamu huko Kenya, nyumba za mawe za Waswahili wa karne nyingi zilizopita zina vyoo ndani, na misikiti ya kale ya pwani ilijengwa pamoja na kisima na birika. Hapa Tanzania, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu vijijini kusikiliza redio na kisha kuchimba vyoo. Kujenga choo tumefundishwa zamani. Lililobaki ni kukubali kwamba haja ya mpita njia nayo ni haja.

Njiani wakati wa kurudi nilikuwa na mengi ya kufikiri. Mtume (s.a.w.) alitahadharisha juu ya mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, katika njia za watu na chini ya kivuli. Hadithi hiyo tumeihutubia Misigiri mara nyingi. Lakini mji usio na choo kilicho wazi unamwachia msafiri nini kingine zaidi ya njia na kivuli? Tulikuwa tunamkataza kitu, kisha tunamfungia badala yake. Nikamkumbuka pia bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume. Masahaba walipotaka kumzuia, Mtume aliwaambia wamwache amalize, akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale, kisha akamfundisha kwa upole. Sisi tulianza na kufuli.

Kikao cha kamati kilikuwa kigumu. Shekhe alisimama na hoja yake ya wakfu, nami nilikiri mbele ya wote kwamba yuko sahihi. Maji yaliyotolewa kwa udhu yabaki ya udhu. Basi, nikasema, tuweke wakfu mwingine wenye nia yake tangu mwanzo. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma, Madina, akakitoa kwa ajili ya watu wote. Shekhe akafikiri kidogo, akasema, "Hapo sina la kupinga." Akawa wa kwanza kuchanga.

Tulipiga hesabu. Paa la mita za mraba 100 hukusanya lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua. Tukikadiria milimita 600 kwa mwaka, ni lita 60,000 kabla ya kutoa zinazopotea. Msafiri mmoja akitumia lita tano, wasafiri 100 watatumia lita 500 kwa siku. Hata tungeweza kuhifadhi mvua yote, ingetosha siku 120 tu. Nasi tuliweza kununua tangi la lita 5,000, ambalo bila mvua ni la siku kumi.

Hata hivyo tulijenga. Kwenye kona ya kiwanja, nje ya uzio wa msikiti, vipo vyoo viwili vyenye milango inayotazama pande tofauti, kimoja cha wanaume na kimoja cha wanawake. Katika cha wanawake kuna kiti cha kukalia, na darini inaning'inia kamba ya usumba ambayo bibi wa Paje alimkatia mama tulipoagana. Nje pana kisanduku. Mwenye nacho anatia, asiye nacho anapita. Usafi ni zamu ya vijana wa madrasa na wajumbe wa kamati. Zamu yangu ni Jumanne.

Sitakuficha: kiangazi bado kinatushinda. Mvua zikikatika tunanunua maji kwa madumu ya lita 20, na kisanduku hakitoshelezi. Zipo siku tunaandika kwa chaki mlangoni kuwa kila mtu atumie kopo moja. Hapo huwakumbusha vijana kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, maji yasiyofika lita moja. Wapo pia wanaoacha uchafu kama zamani. Lakini hakuna aliyependekeza kufuli lirudi.

Ombi langu kwa ndugu zangu wa kamati za misikiti iliyo kandokando ya barabara ni dogo. Kabla ya kuchangisha zulia jipya au kipaza sauti kikubwa zaidi, simameni mlangoni saa moja basi linapopita, mhesabu wanawake wanaoteremka, mhesabu na wanaorudi garini bila kupata walichokitafuta. Na wewe usafiriye na mama yako, itazame chupa yake ya maji. Ikiwa imejaa mpaka mwisho wa safari, usidhani hana kiu.

Juma lililopita basi lilisimama hapa adhuhuri. Bibi mmoja, msalaba shingoni, aliingia, akatoka, akaniuliza adaiwa shilingi ngapi. Mama alikuwa ameketi kivulini akichambua mboga. Akamjibu kabla yangu, "Fedha za choo? Nenda salama, dada."

Wabillahi tawfiq.